Anayelipa Si Aliyeweka Dau

Mabibi na mabwana, walimu wangu, wazee mliotutangulia, na nyinyi vijana mliojaa pale nyuma mpaka mlangoni: assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie hadithi za mbio za farasi, zile zilizodumu, ambazo watu bado wanazisoma miaka 100 na zaidi baada ya kuandikwa. Najua wapo wanaojiuliza zinatuhusu nini. Ni swali la haki. Farasi kwetu si mnyama wa kila siku. Mtu wa Lamu atakwambia habari za mbio za punda, vijana wanavyokimbizana ukingoni mwa bahari huku umati ukishangilia. Mtu wa Nairobi atakwambia kuna uwanja wa farasi barabara ya Ngong, ingawa wengi wameupita tu wakiwa ndani ya matatu. Na wengi wetu farasi tulimjua kwanza chuoni, katika Suratul Adiyat, wale farasi waendao mbio wakihema, kwato zao zikitoa cheche za moto.

Lakini mikeka ya kubashiri mechi tunaijua. Tunajua kijana anavyokaa na simu yake Jumamosi jioni, timu saba zimeshampa, anangoja ya nane. Tunawajua pia waliomo ndani ya nyumba yake, ambao hawakuchagua timu hata moja. Vitabu nitakavyovitaja ni vya waandishi wa Uingereza, Ireland, Urusi na Marekani, na watu waliomo ni wa zamani na wa mbali. Hata hivyo kila ninapovirudia nakuta jambo lile lile limefichwa katikati yake, kana kwamba waandishi wake walipeana siri: anayelipa si yule aliyeweka dau.

Nianze na D.H. Lawrence, mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Eastwood, jimbo la Nottinghamshire. Mwaka 1926 alichapisha hadithi fupi iitwayo The Rocking-Horse Winner. Ni fupi kweli. Mtu aweza kuianza baada ya magharibi akaimaliza kabla ya isha. Mna familia inayoishi katika nyumba nzuri yenye bustani na watumishi, na pesa hazitoshi. Baba ana matumaini makubwa yasiyotimia. Mama amezoea vitu vya thamani. Hakuna anayelitaja jambo hilo kwa mdomo, ila nyumba yenyewe inanong'ona kwamba lazima zipatikane pesa zaidi. Watoto wanausikia mnong'ono huo wakiwa katika michezo yao, wanatazamana, na kila mmoja anajua kuwa mwenzake naye kausikia.

Siku moja kijana Paul anamuuliza mamake kwa nini hawana gari lao wenyewe. Mama anajibu kwamba wao ndio maskini wa ukoo, kwa kuwa baba yake hana bahati. Bahati ni kitu gani, mama? Ni kile kinachomletea mtu pesa. Mama aliyatamka maneno hayo kwa kupita tu. Mtoto akayachukua kama amana. Akampanda farasi wake wa mbao wa kubembea, akawa anamwendesha kwa nguvu za kutisha, macho yamemtoka, akimwamuru amfikishe mahali palipo na bahati. Na akafika. Akishuka pale, analijua jina la farasi atakayeshinda mbio za kweli.

Bassett, mtunza bustani, anamwekea madau. Mjomba Oscar anapogundua hamkatazi; anajiunga. Nawaomba mtazame kwa makini alichofanya Lawrence hapa, maana angeweza kutuletea jambazi anayemtumia mtoto, na hadithi ingekuwa nyepesi. Hakumleta. Bassett ni mtu mnyoofu, anazungumzia farasi kwa uzito wa mtu aliye ibadani. Mjomba ni mpole na ana mzaha. Wote wanampenda Paul, wote wanamtunzia hesabu zake kwa uaminifu, na hakuna hata mmoja anayemuuliza kwa nini hali, kwa nini halali.

Paul anamtolea mamake pauni 5,000 kwa siri, kupitia kwa wakili, ili apewe pauni 1,000 kila siku yake ya kuzaliwa kwa miaka 5. Mama anaomba azipewe zote kwa mkupuo. Anapewa. Nyumba inapata samani mpya, maua katikati ya baridi, mwalimu wa kumwandaa Paul kwa shule ya wakubwa. Basi mtoto anatarajia mnong'ono utanyamaza. Badala yake unapanda, unakuwa kelele zisizokatika. Kwangu hapo ndipo kilele cha hadithi kilipo, kabla hata ya kifo. Pesa zimeingia nyumbani, na njaa ya nyumba imeongezeka kwa kiasi kile kile cha pesa zilizoingia.

Usiku mmoja, mbio kubwa za Derby zikiwa zimekaribia, mama anarudi kutoka karamuni, anasikia mshindo chumbani kwa mwanawe. Anawasha taa. Paul yuko juu ya farasi wa mbao, anatamka jina la Malabar, anaanguka. Malabar anashinda, kila pauni moja imezaa 14. Mgonjwa anaambiwa kitandani kwamba sasa wana zaidi ya pauni 80,000. Anamuuliza mamake kama aliwahi kumwambia kuwa yeye ana bahati. La, mwanangu, hukuniambia. Usiku huo huo anafariki.

Sasa nihamie Urusi, nako nitakaa kidogo.

Anna Karenina ya Lev Tolstoy ilitoka kwa mfululizo jaridani kuanzia 1875 hadi 1877. Wengi mnaijua kwa habari ya Anna, mke wa mtu anayejitupa chini ya gari la moshi. Ndani yake mna mbio za maafisa wa jeshi huko Krasnoye Selo, karibu na St Petersburg: wapanda farasi 17, vizuizi 9 vya kuruka, jamaa ya kifalme ikitazama. Afisa Vronsky, mpenzi wa siri wa Anna, amempanda jike aitwaye Frou-Frou. Tolstoy anamsifu mnyama huyo kwa namna ambayo sijaiona kwa mwandishi mwingine. Anasema ni katika wanyama ambao ungedhani hawasemi kwa sababu tu vinywa vyao havikuumbwa kwa kusema.

Frou-Frou anakimbia vizuri kuliko alivyotarajiwa. Anampita Gladiator, farasi pekee aliyeogopwa. Kinabaki kizuizi kimoja, mtaro mdogo wa maji, ambao Vronsky haujali tena. Jike anaruka kama ndege. Mpanda farasi, badala ya kwenda pamoja naye, anajirudisha juu ya tandiko kwa wakati usiofaa, na uzito wake unamvunja mgongo. Tolstoy, ambaye alikuwa akipanda farasi toka udogoni, hakutafuta jiwe, wala utelezi, wala hila ya mshindani. Mnyama alifanya kila kitu sawasawa. Kosa ni la aliyekaa juu. Na Vronsky, uso umemharibika kwa hasira, anampiga teke la tumbo. Jike anamtazama tu. Inaamuliwa apigwe risasi.

Walimu wa fasihi wamezoea kusema kwamba Frou-Frou ni mfano wa Anna, na ni kweli, siku hiyo hiyo Anna alikuwa amemwambia Vronsky kwamba ana mimba yake. Ila mimi huwasihi wanafunzi wasikimbilie huko. Ukimgeuza yule farasi kuwa ishara haraka mno, unamtoa tena uhai kwa mara ya pili. Kwanza mwacheni awe farasi. Mwacheni alale pale majanini, ndipo mwende jukwaani.

Maana Tolstoy anazisimulia mbio hizo mara mbili. Mara ya kwanza tuko juu ya tandiko pamoja na Vronsky. Mara ya pili tuko jukwaani, na mbio hatuzioni kabisa: tunamwona Karenin, mume, akimtazama mkewe, naye mkewe akimtazama mtu mmoja tu kule uwanjani. Zaidi ya nusu ya wapanda farasi wanaanguka, jukwaa zima linaguna. Vronsky anapoanguka, Anna anashindwa kujizuia, analia mbele za watu. Wakirudi garini anamwambia mumewe ukweli wote. Siri iliyofichwa miezi mingi imefichuliwa na mnyama aliyeanguka. Ningekuwa nafundisha utungaji wa riwaya, ningetumia muhula mzima kwa sura hizo chache.

Na Tolstoy hakuishia hapo. Mwaka 1886 ilichapishwa hadithi yake Kholstomer, aliyoianza zamani sana, katika miaka ya 1860. Msimulizi wake ni farasi mzee aliyehasiwa, mwenye mabaka, anayewasimulia farasi wenzake maisha yake usiku baada ya usiku. Alizaliwa na mbegu bora, lakini rangi yake haikupendwa. Siku moja akashindana na Lebed, farasi mwenye sifa wa bwana mwenye zizi, akamshinda. Mnadhani alipewa zawadi? Aliuzwa haraka, ili bwana asisikie aibu hiyo. Farasi huyu anashangaa namna wanadamu wanavyosema juu ya kitu kwamba ni chao, hata wasipokitumia wala kukigusa. Baadaye anakuwa wa Serpukhovskoy, afisa tajiri, anayempenda kwa namna ya watu wa aina yake, na anayemharibu kwa siku moja, akimkimbiza bila huruma kumfuata mwanamke aliyemtoroka.

Msomaji anayetaka kujua kwa nini namtukuza Tolstoy asome kurasa za mwisho. Farasi anachinjwa. Nyama yake inawalisha watoto wa mbwa mwitu, ngozi yake inatumika, mifupa yake inatumika. Serpukhovskoy naye anakufa, na hakuna chochote katika mwili wake kilichomfaa kiumbe yeyote.

George Moore ni Mwairishi ambaye wasomaji wamemsahau, na wamejinyima. Alizaliwa mwaka 1852 katika nyumba ya Moore Hall, County Mayo, na alikua akinusa zizi. Baba yake alifuga farasi wa mbio. Farasi wao Corunna alishinda kombe la Chester mwaka 1846, wakati Ireland inaangamia kwa njaa, na mzee huyo akatumia sehemu ya ushindi wake kuwalisha wapangaji wa mashamba yake. Nalitaja hili kwa makusudi. Moore alijua kwamba pesa za farasi zaweza kuokoa watu. Kwa hiyo alipoandika Esther Waters mwaka 1894, hakuandika kama mhubiri anayelaani kitu asichokijua.

Esther ni msichana mcha Mungu, hajui kusoma, anaajiriwa jikoni katika nyumba ya Woodview. Humo kila mtu, kuanzia bwana mwenye nyumba hadi wafagizi, anaishi kwa ajili ya farasi. Farasi wao Silver Braid anashinda kule Goodwood. Siku hiyo kila mtumishi ana pesa mkononi. Kuna dansi, kuna nguo mpya, kuna furaha ya kweli, na Moore anaieleza furaha hiyo bila kuipunja. Katika joto la furaha hiyo Esther anapata mimba ya mtumishi mwenzake, William. Basi huyo ambaye ushindi haukumpa kitu ndiye anayeondoka Woodview na mzigo.

Baadaye William anarudi, wanaoana, wanafungua baa mtaa wa Soho, London, naye anapokea madau ya maskini kwa siri. Nasema kwa siri kwa sababu sheria ya mwaka 1853 ilikuwa imepiga marufuku nyumba za kamari, huku mwenye mali akiendelea kuweka dau lake kwa mkopo au kule uwanjani bila kusumbuliwa na polisi. Katika baa hiyo Moore anatuletea watu ambao tunaishi nao. Yuko Ketley, anayeona dalili katika kila kitu, na dalili zikimdanganya anajiua mle mle baani. Yuko Sarah, mtumishi aliyeiba vyombo vya fedha vya tajiri wake ili aweke dau, akafungwa. Yuko William mwenyewe, mapafu yameoza kwa kifua kikuu, ameambiwa akienda Misri atapona, na nauli ya Misri anaitafuta kwa farasi. Anaipoteza. Anakufa. Esther anabaki na mtoto wa kulea, kama alivyoanza.

W.H. Smith, wauzaji na waazimishaji wakubwa wa vitabu Uingereza, walikataa kukiweka kitabu hicho. Wanawake wa kazi kama Esther ndio waliokuwa wamekaa ndani yake kwa heshima kamili, bila kuchekwa wala kuhurumiwa kwa mbali.

Arthur Conan Doyle nitampitia upesi. Silver Blaze, ya mwaka 1892, ni hadithi ya Sherlock Holmes inayokumbukwa kwa mbwa ambaye hakubweka usiku. Conan Doyle mwenyewe alikiri baadaye kwamba mambo ya mbio alikuwa hayajui, na wajuzi wa farasi walimcharura. Ila mpango wake ni wa kupendeza: mlezi wa farasi, John Straker, anatia afyuni katika mchuzi wenye viungo wa kijana wa zizini, anamtoa farasi usiku hadi nyikani, ana kisu chembamba cha kumkata mshipa wa mguu ili achechemee. Farasi anampiga teke la kichwa. Katika hadithi zote ninazozitaja leo, ni hapa tu mnyama anapokataa kulipa deni la mtu, na nadhani ndiyo sababu watoto wanaipenda.

Wamarekani wawili sasa, na wote wawili wanamwachia mtoto asimulie.

Sherwood Anderson alichapisha I Want to Know Why mwaka 1919. Kijana wa mji mdogo wa Kentucky anatoroka na wenzake, wanadandia magari ya moshi ya mizigo hadi Saratoga, New York, kutazama farasi. Hana haja ya kuweka dau. Anapenda alfajiri ya zizini, harufu ya kahawa na samadi, na farasi bora akipita anasikia donge kooni. Kabla ya mbio, yeye na Jerry Tillford, mlezi wa farasi Sunstreak, wanatazamana, na kijana anahisi kwamba wote wawili wanamwona farasi yule kwa jicho moja. Anampenda mtu huyo kuliko baba yake. Jioni anamfuata, anamkuta katika nyumba ya makahaba akijigamba kwamba ushindi ni wake yeye, si wa farasi, kisha akimtazama mwanamke mmoja kwa jicho lile lile. Kijana anarudi nyumbani anauliza kwa nini. Hajibiwi.

Ernest Hemingway naye, katika My Old Man ya mwaka 1923, anatupa Joe, mtoto wa mpanda farasi mzee anayepigana na unene wake, anaruka kamba juani, anakimbia barabarani akiwa amejifunika nguo nzito. Baba ameondoka Italia kwa ugomvi ambao Joe hauelewi, sisi tunauelewa. Huko Ufaransa mtoto anashuhudia farasi bora kabisa, Kzar, akizuiwa na mpanda wake ili asishinde, na baba yake anafaidika. Mwishowe baba anamnunua farasi wake mwenyewe, Gilford, anarudi uwanjani kwa haki, na anafia katika uwanja wa mbio wa Auteuil, Paris. Joe akiwa bado analia anawasikia watu wawili wakisema marehemu alikuwa laghai. Nani alipoteza zaidi siku hiyo? Waliokosa pesa zao wangezipata wiki ijayo. Joe alikuwa na baba, na sifa ya baba, akavipoteza vyote viwili katika saa moja.

Kuna jambo moja linaniuma katika vitabu hivi, nami sitalificha kwa sababu tu navipenda. Waliowashika farasi kwa mikono yao hawakupewa kalamu. Chukueni Kentucky ya Anderson. Katika Kentucky Derby ya kwanza, mwaka 1875, mshindi alikuwa Oliver Lewis, mtu Mweusi, juu ya farasi Aristides, na mlezi wa farasi huyo, Ansel Williamson, alikuwa amezaliwa mtumwa. Katika wapanda farasi 15 wa siku ile, 13 walikuwa Weusi. Isaac Murphy alishinda Derby hiyo mara tatu, 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902, kisha milango ikafungwa kwa watu wa rangi yake, akaenda kupanda farasi Urusi. Katika hadithi ya Anderson watu hawa wapo pembeni, wanapika, wanacheka, wanawafadhili watoto wa Kizungu. Hadithi si yao, ingawa farasi walikuwa mikononi mwao.

Na kwetu? Beryl Markham, aliyekulia Njoro akicheza na watoto wa Kiafrika, alikuwa mlezi wa farasi wa mbio mwenye leseni angali msichana, na kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night cha mwaka 1942, kina mbio za Nairobi zinazosisimua mpaka leo. Ni kizuri, na kimeandikwa na bibi mwenye zizi. Saisi aliyeamka usiku kumkanda farasi miguu, aliyejua kabla ya wote kwamba leo farasi huyu hataki kukimbia, huyo bado namsubiri kwa Kiswahili. Riwaya yake sijaiona. Uwanja wa Ngong upo, mbio zipo, mafundi wa zizini wapo na wengi wao wanasema Kiswahili siku nzima, hata na farasi. Kijana mwenye hamu ya kuandika apande matatu aende akawasikilize.

Kwa wanaotaka kuanza kusoma: chukueni Lawrence kwanza, kwa kuwa ni fupi, msomeane kwa sauti wawili wawili. Kisha Kholstomer. Esther Waters iacheni mpaka likizo, inahitaji siku kadhaa za utulivu. Sasa maikrofoni inakuja kwenu, na ningependa aanze mmoja wa waliokaa kule nyuma.